Mimba na Lawama: Maoni juu ya Rosa Mistika

Tangu Euphrase Kezilahabi alipoitoa Rosa Mistika mwaka 1971, wahakiki wengi wameisoma kama riwaya ya malezi: Zakaria, baba mlevi na mkali, alimbana binti yake hata akampoteza. Usomaji huo ni wa haki, ila hautoshi. Unaeleza sababu ya Rosa kuanguka. Hauelezi kwa nini hakuwa na pa kuinukia.

Rosa hafiki kuwa mama, kwani mimba huitoa. Hofu inayomsukuma haikuanza kwake. Katika jamii anayoichora mwandishi, msichana mwenye mimba hana shule, na aliyezaa hana mchumba. Charles anamkataa kwa kuwa si bikira, kipimo ambacho jamii hiyo haimpimii mwanamume. Basi asiyeolewa akizaa, hubeba peke yake tendo la watu wawili.

Lugha yetu nayo imo katika lawama hii. Msichana ‘hutiwa mimba’ au ‘huharibiwa’. Kitenzi ni cha kutendwa, na mtenda hatajwi. Mtoto huitwa mwana haramu, ilhali haramu hakuitenda yeye. Huenda ikasemwa kwamba wahenga waliliona jambo hili waliponena: kitanda hakizai haramu. Lakini kitanda hicho ni cha ndoa. Methali yamlinda mwana wa mke aliyeolewa. Aliyezaliwa na mama asiye na mume imemwacha nje.

Sheria imeanza kumtaja mtenda. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha sharti lililozuia jina la baba asiyemwoa mama kuandikwa katika usajili wa mtoto pasipo ombi la wazazi wote wawili. Kuhusu shule, Kenya iliweka mwaka 1994 utaratibu wa kumrudisha msichana aliyejifungua. Tanzania, nchi ya Rosa, ilifungua mlango huo katika shule za serikali mwaka 2021.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa na sheria waweza kufungwa kwa neno la mwalimu au jirani. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Watungaji wa kamusi waonyeshe wazi kwamba ‘mwana haramu’ ni tusi. Nao walimu wa fasihi wakumbuke kwamba miongoni mwa wanaowasikiliza huenda yumo mama kijana. Swali la kutaja makosa ya Rosa lifuatwe na jingine: kama angezaa, nani angepasa kumsaidia kulea, na kwa njia gani?