PLY: Elfu tano inapogeuka tano

Ukitaka kompyuta isome maandishi, kazi ya kwanza ni kukata. Mfululizo wa herufi unakatwa vipande, namba huku, neno kule, alama pale, na kila kipande kinapewa aina yake. Vipande hivyo huitwa tokeni. Programu inayovikata tuiite mkataji, maana ndicho anachofanya.

Kuandika mkataji kwa mkono kunachosha. Ndiyo maana mwaka 1975, pale Bell Labs nchini Marekani, Mike Lesk na Eric Schmidt (ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuiongoza Google) walitengeneza Lex. Unaipa ruwaza za tokeni zako, yenyewe inakuandikia mkataji kwa lugha ya C. Mwaka 2001 David Beazley, aliyekuwa akifundisha somo la kompaila Chuo Kikuu cha Chicago, akaleta wazo hilo kwenye Python na kuliita PLY. Wengi wenu mmewahi kuitumia bila kujua: kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya pycparser, ambayo huja pamoja na cffi.

PLY inasifiwa sana madarasani, na sifa nyingi inazistahili. Lakini mifano ya kwenye vitabu karibu yote ni ya kikokotoo: 3 + 4 * 10. Tuipe kitu cha kwetu. Chukua ujumbe ambao katibu wa kikundi cha VICOBA huko Chamazi anaweza kuutuma kwenye grupu la WhatsApp baada ya kikao cha wiki:

Mama Zai hisa 3 @5,000/= jamii 1,000/=

Mtu yeyote wa Mbagala anausoma bila kutua. Hisa tatu za elfu tano tano, na buku ya mfuko wa jamii. Sasa mwanafunzi anataka programu ijaze daftari yenyewe. Anaandika ruwaza mbili: NAMBA, yaani tarakimu moja au zaidi, na FEDHA, yaani tarakimu zenye mikato na /= mwishoni. Kwa kuwa anataka NAMBA igeuzwe kuwa namba kamili ya kufanyia hesabu, anaiandika kama fanksheni. FEDHA anaiacha kama mstari wa kawaida wa ruwaza. Hakuna kosa la tahajia, hakuna onyo lolote.

Inatoka nini? 5,000/= inasomwa hivi: NAMBA 5, kisha mkato usiojulikana, kisha NAMBA 0 (zile sifuri tatu), kisha alama mbili zisizojulikana. Elfu tano imekuwa tano na sifuri.

Sababu iko ndani kabisa ya jinsi PLY ilivyojengwa. Lex ya mwaka 1975 ina kanuni moja nzuri sana: ruwaza inayokamata herufi nyingi zaidi ndiyo inayoshinda. Mpangilio wa ruwaza unaangaliwa pale tu zinapolingana urefu. FEDHA inakamata herufi saba, NAMBA inakamata moja, mchezo umeisha. PLY haifanyi hivyo. Inaunganisha ruwaza zote kuwa ruwaza moja kubwa ya moduli ya re ya Python, na re huchukua ya kwanza inayokubali, hata kama ya pili ingekamata zaidi. Foleni yenyewe inapangwa hivi: fanksheni zote kwanza, kwa kufuata zilivyoandikwa kwenye faili, halafu mistari ya ruwaza, yenye ruwaza ndefu ikitangulia. Kumbuka, ni urefu wa ruwaza yenyewe, siyo wa maandishi inayoyakamata. Kwa hiyo kitendo cha kuigeuza NAMBA iwe fanksheni kiliipeleka mbele ya FEDHA kimyakimya.

Ugonjwa huo huo unayashika maneno. Weka fanksheni ya "na" juu ya ile ya maneno ya kawaida, halafu mpe mkataji "nanasi". Utapata "na", "na" tena, kisha "si". "Nane" itakuwa "na" na "ne". Mwongozo wa PLY unatoa dawa: kamata neno zima kwanza, ndipo ulitafute kwenye orodha ya maneno maalumu. Dawa inafanya kazi, lakini Lex ingelikamata neno zima bila kuambiwa.

Mwongozo huo, kwa kweli, ni mzuri kuliko wa maktaba nyingi, na haufichi kanuni ya foleni. Lawama yangu iko kwenye mfano wake wa t_error, fanksheni inayoitwa mkataji anapokutana na herufi asiyoijua. Mfano unachapisha onyo, kisha unairuka herufi moja na kuendelea. Wanafunzi wanaunakili ulivyo, wanaona maonyo yamejaa kwenye skrini, wanafuta ule mstari wa kuchapisha. Basi. Mkato na ile /= vinatoweka, na Mama Zai anabaki na hisa za shilingi tano. Usipoiandika kabisa t_error, PLY inasimama na kutoa kosa pale pale. Kwa daftari la fedha za watu, hiyo ndiyo tabia ninayoitaka, na ndiyo ingetangulia kwenye mwongozo.

Mtego mwingine, kwa kifupi: PLY huiwasha re.VERBOSE yenyewe, kwa hiyo nafasi ndani ya ruwaza hazihesabiki. Ruwaza ya "saa" ikifuatiwa na nafasi na tarakimu itaikubali "saa2" na kuikataa "saa 2". Andika \s.

Kuna wanaotaka kwenda mbali zaidi, wachambue Kiswahili chenyewe kwa zana hii. Hapo nasema hapana. "Anakula": ni mtu yuko mezani, au kuna kitu kinakula wewe? Sarufi inaruhusu zote mbili, ila mkataji wa PLY lazima atoe jibu moja na kusonga mbele. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipojenga SWATWOL kwa ajili ya Kiswahili, alitumia mofolojia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi, ambayo inarudisha maana zote zinazowezekana, na uchaguzi unafanywa baadaye kwa kuangalia muktadha. Ni zana ya aina nyingine kabisa.

Je, uiache PLY? Wa PHP wana Parle, iliyojengwa juu ya lexertl ya Ben Hanson, na yenyewe inafuata kanuni ya kukamata herufi nyingi. Ila ni ekstensheni ya kukompaili, na kwenye hosting ya bei nafuu huruhusiwi kuisakinisha. PLY ni mafaili mawili ya Python tupu, lex.py na yacc.py. Unayanakili kwenye folda yako, hata kwenye simu yanakwenda. Mimi ningebaki nayo, ila kila ruwaza niiandike kama fanksheni ili foleni ionekane kwa macho, FEDHA juu ya NAMBA, na t_error isiwepo.