Udongo Ungali Maji

Fundi alichukua mfuko wa nailoni uliobaki baada ya mkate wa asubuhi kuisha, akauvaa mkononi kama glavu, akaupitisha taratibu juu ya boneti ya gari langu. Gari lilikuwa limetoka kuoshwa na kukaushwa, na kwa macho yangu lilikuwa jeupe pe. Akauvua, akanikabidhi. "Vaa na wewe, bosi. Halafu fumba macho."

Nikavaa. Chini ya nailoni ile, boneti ilikuwa msasa. Vipele vidogo vidogo, visivyohesabika, kama ngozi ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi alfajiri. Nikavua mfuko, nikapitisha mkono mtupu: vipele karibu vyote vikapotea. Siri yake ni nyepesi. Ngozi tupu hung'ang'ania rangi, na msuguano huo huficha vitu vidogo; nailoni huteleza, kwa hiyo mkono unabaki kusikia kile tu kilichojitokeza. Zamani kipimo hiki kilifanywa kwa rambo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania, Juni 2019, kifungashio cha mkate ndicho kimerithi kazi hiyo.

Vipele hivyo vinatoka wapi? Kila gari hubeba habari za mahali linapolala. Langu hulala Tabata, hatua chache kutoka kwa fundi wa mageti. Kutwa nzima grainda yake inakata chuma, na zile cheche zinazopendwa na watoto ni chembe za chuma zilizo moto. Zikitua kwenye rangi hujichoma humo, zikapoa, kisha unyevu wa pwani ukazipa kutu. Kwenye gari jeupe huonekana kama vidoti vya rangi ya chungwa, na wenye magari wengi hudhani bodi imeanza kuoza. Chembe nyingine hutoka kwenye breki: kila pedi inapobana diski, vumbi la chuma hupeperuka na kunasa kwenye milango, ya gari lako na ya jirani yako kwenye foleni. Ongeza utomvu wa mwembe, matone ya lami, ukungu wa rangi unaoletwa na upepo kutoka gereji ya kupuliza, na chokaa inayoachwa na maji ya kisima yakikaukia juani. Sabuni huondoa kilicholala juu ya rangi. Hivi havikulala, vimepiga kambi.

Asiye na subira hapa huomba apigiwe rabing. Mashine inawashwa, dawa inapakwa, na kweli gari linang'aa. Lakini rabing husaga, na inaposaga haichagui: klia huliwa pamoja na uchafu. Klia ni ule utando angavu wa juu unaoilinda rangi, na kwa magari mengi unene wake ni kama maikromita 40 hadi 50. Unywele wa mtu una kama 70. Huo ndio mtaji wote wa mng'ao wa gari, na ukiisha haurudi ila kwa kupuliza upya. Ndiyo maana nimeupenda ufundi wa klei. Unaondoa kisicho cha gari na kuliachia gari kilicho chake, au karibu chote.

Klei ndilo jina lake kwa mafundi, ingawa si udongo wa kuchimbwa. Ni kinyunya cha plastiki laini inayofinyangika, kilichokandwa pamoja na unga mwororo wa kusugua. Asili yake ni Japani. Tadao Kodate alipewa hataza ya Marekani mwaka 1995, na hati hiyo inakiita kifaa hiki jiwe la kusagia lenye kunyumbulika. Jina lile lina ukweli ambao neno "klei" linauficha: mkononi una jiwe la kunolea, ila limelainishwa hadi likakubali kufuata mikunjo ya bodi. Gari langu nalo lilitoka Japani likiwa limeshatumika, likashushwa bandarini Dar es Salaam kama maelfu ya wenzake. Vitu viwili vya nchi moja vikakutana chini ya mwarobaini wa Tabata.

Utendaji wake ndio unaonifurahisha. Rangi inaloweshwa maji ya kutelezesha, na klei inapita juu ya utando huo wa maji bila kuishika rangi yenyewe. Palipo laini, inaelea. Inapokutana na kitu kilichochomoza, inakikumba kwa ubavu, inakinyoa au kuking'oa, na kukimeza. Kwa hiyo chombo hiki kinachagua chenyewe: kinapigana na kinachojitokeza tu. Fundi ana kazi moja kubwa, kutokiharibia uchaguzi huo kwa kukandamiza.

Kwenye kununua ndipo fundi anapoanza kujulikana. Klei huuzwa za daraja laini, la kati na kali. Rangi ya kipande si ushahidi. Kuna watengenezaji ambao bluu yao ni laini na nyekundu ni kali, lakini hakuna sheria inayowafunga wengine, kwa hiyo husomwa maandishi, haiangaliwi sura. Anayejua huanza na laini, hata kwa gari lililochakaa, akijaribu sehemu ndogo ya mlango kwa chini. Ikishindwa, anapanda daraja. Kali ni ya ukungu wa rangi uliogandamana au gari lililotelekezwa miaka, na anayeitumia anajua kwamba itaacha mikwaruzo mifinyu itakayodai polishi. Siku hizi kuna pia mataulo na glavu zenye uso wa mpira maalumu unaofanya kazi ileile. Ni za haraka, na zikianguka huoshwa zikarudi kazini. Fundi wangu anazo, lakini kwa boneti hutumia kipande. "Taulo linanificha," alisema, akisugua ncha za vidole vyake kuonyesha kilichofichwa.

Siku ile gari lilikuwa kivulini, na bodi imepoa. Kabla ya kugusa klei alipulizia dawa ya kuyeyusha chuma. Baada ya dakika chache gari jeupe likaanza kulia machozi ya zambarau. Kila tone lilikuwa chembe ya chuma iliyokubali kushindwa. Harufu ilikuwa ya mayai viza, na paka wa jirani akahama. Matone ya lami aliyaondoa kwa dawa yake, kila moja kwa kitambaa chake, akaosha tena. Kinachoweza kuyeyushwa, alinieleza, kisisuguliwe.

Kisha akakata kipande cha gramu 200 mara nne. Robo moja akaifinyanga ikawa kama chapati ndogo ya kutosha vidole vitatu. Robo tatu akazirudisha kwenye kopo lenye kifuniko. Joto la Dar lina tabia yake: klei hulainika mno, ikaacha utelezi wa kunata juu ya rangi, kwa hiyo pembeni alikuwa na ndoo ya maji ya baridi ya kuipozea. Aliwahi kufanya kazi Njombe, akasema huko mwezi Juni ndoo ileile hutiwa maji ya uvuguvugu, la sivyo klei inakuwa ngumu kama sabuni ya mche. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Huyu alikuwa ameuelewa kwa vidole.

Maji ya kutelezesha aliyachanganya mwenyewe: shampuu ya gari kidogo ndani ya chupa ya kupulizia. Sabuni ya unga ya kufulia hakuitaka hata kuisikia, kwa kuwa ni kali na huidhoofisha klei. Akaanzia juu, kwenye paa, akashuka, kwa sababu sehemu za chini ndizo chafu zaidi na hazifai kutangulia. Alifanya eneo la nusu mita kwa nusu mita, akalilowesha hadi maji yakatiririka, akaiweka chapati yake na kuisukuma mbele na nyuma kwa mistari iliyonyooka. Si kwa kuzungusha. Mkwaruzo ulionyooka, ukitokea, hauonekani sana na huondoka kwa urahisi. Wa mviringo hushika jua kutoka kila upande.

Nilitazamia kuona nguvu, nikaona mkono uliolegea. Uzito wa vidole tu. Mwanzoni klei ilitoa sauti, krr, krr, kama panya anayekwangua mlango kwa mbali, na kipande kilikuwa kizito kusukumwa. Baada ya safari kadhaa sauti ikapungua, halafu kipande kikaanza kukimbia chenyewe. Hapo ndipo alipokuwa anasimama. Hakuhesabu mara, hakuangalia saa. Alingoja kimya. Akafuta kwa taulo la maikrofaiba, akageuza kipande, akanionyesha tumbo lake: kijivu chenye madoadoa. Akakikunja uchafu uingie ndani, akakifinyanga upya, akahamia nusu mita nyingine.

Nilidhani nimejifunza. Miezi kadhaa baadaye nikanunua klei yangu, na Jumapili moja nikaanza na mlango wa dereva. Kipande kikanichoropoka, kikaanguka mchangani. Kilikuwa kizima na cha bei. Nikakifuta kwenye suruali, nikaendelea. Mistari mitatu mirefu niliyoichora siku ile ilihitaji mashine kuiondoa, yaani ile rabing niliyokuwa naikwepa. Klei haitemi ilichomeza, na punje ya mchanga ikishaingia humo inageuka jino. Kilichoanguka kimekwisha. Nikaelewa kwa nini fundi hukata mara nne: hakuwa anabana matumizi, alikuwa anajiwekea nafasi ya kutupa bila kusita.

Lakini siku ile ya kwanza kulikuwa na doa moja lililomshinda, na namna alivyoshindwa ndiyo iliyonifanya nimwamini. Katikati ya boneti palikuwa na kovu la ukubwa wa shilingi, kumbukumbu ya kunguru. Alilipitia mara tatu kwa klei, kimya kikawepo, doa likabaki. Akapitisha ukucha wake bila kuugusisha kwa nguvu. "Hapa hakuna kitu juu, bosi. Hapa pameliwa." Kinyesi cha ndege kilikuwa kimekaa juani hadi kikaichimba klia, na klei hunyoa kilichochomoza, haijazi shimo. Polishi ingelipunguza, alisema, kwa kula klia inayolizunguka. Akaniuliza kama nataka. Nikasema hapana, naye hakubisha, akaacha pale palivyo. Ningelikifuta kile kinyesi asubuhi ileile, kwa maji tu, kingali kibichi, pasingelikuwa na habari ya kueleza.

Rangi iliyotoka kwenye klei iko uchi. Nta ya zamani imeondoka pamoja na uchafu, kwa hiyo alimaliza kwa kupaka nta mpya siku hiyohiyo, tabaka jembamba, akaniambia nisirudi kwa kazi hii kabla mkono ndani ya nailoni haujaniambia. Mara moja au mbili kwa mwaka huwatosha wengi. Klei, hata laini, inagusa klia kidogo kila inapopita, na kuifanya kila wiki ni kupenda kulikozidi. Magari ya rangi isiyong'aa aliyakataa kabisa, maana klei ingeyapa mng'ao wa vipande vipande.

Kabla ya nta alinipa tena mfuko wa mkate. Nikafumba macho bila kuambiwa. Safari hii nailoni ilinitoroka mkononi, kama imewekwa juu ya kioo kilicholowa, na nikaendelea kuipitisha huku na huku bila sababu, boneti, mlango, buti, mpaka fundi akacheka. Akaokota ile robo ya klei iliyofanya kazi kutwa, sasa ya rangi ya majivu yenye chembe za chungwa, chuma cha jirani yangu na breki za foleni nzima, akaniwekea kiganjani.

"Tabata yako hiyo, bosi," akasema. "Nitupe, au unaondoka nayo?"