Meza, Baraza na Maonyesho: Uhakiki wa Mahali pa Kujadiliana Mjini Kampala, 2000–2024

Tafiti nyingi kuhusu mjadala wa umma nchini Uganda huanza na swali la uhuru: ni nini kinaruhusiwa kusemwa, na nani huadhibiwa akikisema. Swali hilo ni la haki, na wapo waliolilipia kwa kifungo. Hata hivyo, limetufanya tulipuuze swali jingine ambalo kwa mtafiti wa lugha huja kwanza: watu huzungumzia wapi, ni nani anayegawa zamu, na anayetajwa kwa ubaya hujibu akiwa amesimama wapi? Makala hii inahakiki aina tatu za mjadala wa raia zilizojitokeza Kampala katika kipindi cha takriban robo karne, nazo ni ekimeeza, baraza la serikali na maonyesho ya mitandaoni. Tunazisoma kama tanzu za mazungumzo, kila moja ikiwa na kaida zake. Tunadai kwamba uharakati wa raia hudumu pale wasemaji wanapomiliki kanuni za zamu, na kwamba sera za Uganda zimeshughulikia maneno huku zikiviacha viti bila ulinzi.

Meza

Mwaka 2000, katika Club Obbligato, ukumbi ambao wakazi wa Kampala waliufahamu zaidi kwa muziki wa Afrigo Band, kundi la watu waliozoea kubishana kuhusu siasa wakiwa wameizunguka meza lilianza kurushwa hewani na Radio One. Kipindi kikaitwa Ekimeeza. Muda si mrefu vituo vingine vikafuata. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ikawa na Mambo Bado. Akaboozi ku Bbiri ikawa na Simbawo Akati, yaani chomeka kijiti hapo. Wingi wake, ebimeeza, ukawa jina la utanzu mzima.

Majina haya yanastahili kuangaliwa kidogo. Meza ni neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kireno, na Luganda ikalipata kupitia Kiswahili. Mswahili akisikia kimeza hufikiria kitu kidogo, kwa kuwa ki- kwetu hudunisha. Katika Luganda kiambishi eki- hapa hukuza, na ekimeeza ni meza kubwa, ya watu wengi. Mambo Bado nayo haihitaji tafsiri kwa msomaji wa kumbukumbu hizi. Kwa hiyo redio ya Mengo, makao ya utamaduni unaosemekana kukipinga Kiswahili kuliko mwingine wowote nchini, ilipohitaji jina la kipindi chake cha mabishano ya raia ilichukua Kiswahili bila kuona haya. Wanaowashauri mawaziri kwamba Waganda hawakitaki Kiswahili wangefanya vyema kulikumbuka jina hilo.

Katika ebimeeza mada ilijulikana, mwenyekiti alikuwepo, aliyetaka kusema alijiandikisha, na dakika zake zilihesabiwa. Msemaji alisimama mbele ya hadhira ambayo ndani yake walikaa mashabiki wa chama tawala na wa upinzani, wakimwona uso. Aliyezua jambo Jumamosi hii alijua kwamba wiki ijayo atakutana na watu walewale. Walumbi wakapata majina, wakapata wafuasi, na wengine wakatoka hapo kwenda kugombea vyeo.

Uchunguzi wa kina zaidi tulio nao kuhusu jambo hili ni kitabu cha Florence Brisset-Foucault, Talkative Polity, kilichochapishwa na Ohio University Press mwaka 2019. Ubora wake ni kwamba kinakataa kuisifu ekimeeza kama demokrasia iliyoshuka kutoka mbinguni. Mwandishi anaonyesha jinsi kaida za ukumbi zilivyofuata mabishano ya shule za sekondari, jinsi ufasaha ulivyokuwa njia ya kujipambanua na wasiosoma, na jinsi ufadhili wa wanasiasa ulivyopenya. Wanawake walioshika kipaza sauti walikuwa wachache. Yote haya tunayakubali. Lakini kwa maoni yetu uzito anaoutia kwenye tabaka na hadhi unalifunika jambo moja ambalo mwanaisimu hawezi kulipita: kanuni hizo, hata zikiwa zimeazimwa darasani, zilisimamiwa na wasemaji wenyewe. Hakuna wizara iliyowapangia dakika. Mtu aliyenyamazishwa na mwenyekiti alinyamazishwa na mwenzake, na aliweza kulalamika kwa kutumia kanuni ileile. Ndiyo maana wapinzani walirudi. Ubaguzi wa ekimeeza ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa ubaguzi ambao wahusika wangeweza kuusahihisha kwa kubadili utaratibu wao. Sivyo ilivyo kwa aina mbili nyingine tutakazozitazama.

Udhaifu wake ulikuwa kwingine. Wasemaji walimiliki meza bila kumiliki masafa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na viongozi serikalini waliotilia shaka uhalali wa kurusha matangazo nje ya studio. Septemba 2009, baada ya serikali kuzuia ziara ya Kabaka huko Kayunga, ghasia zilizuka Kampala na maeneo jirani, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. CBS, Akaboozi ku Bbiri, Suubi FM na Radio Sapientia zilifungwa. CBS haikurudi hewani hadi mwaka uliofuata. Vituo vilituhumiwa kuchochea. Ebimeeza, hata hivyo, zilikomeshwa kwa hoja tofauti, nayo ni kwamba leseni haikuruhusu kutangaza kutoka uwanja wa wazi. Hoja hiyo ni kavu, ya kiofisi, na wanaharakati wengi waliidharau kama kisingizio. Sisi tunaona ilikuwa na uelewa mkali. Haikuhangaika kupambanua usemi huu na ule. Iliondoa mahali, na usemi ukatawanyika wenyewe. Vipindi vya studioni viliendelea, vikiwa na wageni wawili au watatu walioalikwa na mtangazaji, na wananchi wakipiga simu. Mpiga simu hana mwenyekiti aliyemchagua, wala haoni uso wa anayempinga.

Baraza

Mwaka huohuo wa 2009, Ofisi ya Waziri Mkuu ilianzisha mpango wa mabaraza, mikutano ambamo watumishi wa umma huwaeleza wananchi fedha zilizotolewa na kazi zilizofanyika, kisha wananchi huuliza. Jina ni la Kiswahili tena. Katika miji ya pwani baraza ni kwanza kile kiti cha mawe nje ya nyumba, ambapo mpita njia hukaribishwa na habari za mjini huchambuliwa. Maana ya mkutano ilifuata kiti.

Baraza la serikali ya Uganda lilichukua maana ya pili na kuiacha ya kwanza. Mwitishaji ni dola. Mwakilishi wa Rais wilayani ana nafasi kubwa katika kuliongoza, mada huanza na taarifa ya ofisi, na swali la mwananchi huja baada ya jibu kuwa limekwisha tayarishwa. Tusilibeze: mahali ambapo kisima kilicholipiwa hakikuchimbwa, kumuuliza mhandisi wa wilaya hadharani ni jambo zito, na wapo waliopata maji kwa njia hiyo. Ila uharakati hauwezi kuishi humo, kwa kuwa baraza likiahirishwa na mwitishaji mwananchi hana la kufanya.

Maonyesho

Baada ya 2009 mabishano yalihamia kwenye simu, na dola ikayafuata. Mitandao ya kijamii ilizimwa siku ya uchaguzi wa Februari 2016. Kuanzia Julai 2018 kila mtumiaji alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku ili aingie mitandaoni. Kodi hiyo ilileta sehemu ndogo tu ya fedha zilizotarajiwa, na mwaka 2021 ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Januari 2021 Facebook ilifungwa kabla ya uchaguzi, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Facebook haikufunguliwa pamoja na mingine, na watu wakazoea kupita kwa VPN.

Katika mazingira hayo, Aprili 2023, Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni na mwanazuoni, aliwaalika wakazi wa jiji kuweka Twitter picha za mashimo ya barabarani chini ya alama ya reli ya maonyesho ya mashimo ya Kampala. Picha zilimiminika. Rais aliagiza Wizara ya Fedha itoe shilingi bilioni 6 kwa mamlaka ya jiji ili mashimo yazibwe. Yakafuata maonyesho ya hospitali, kisha ya mashirika yasiyo ya kiserikali, na mwanzoni mwa 2024 maonyesho ya Bunge, ambapo Agather Atuhaire, Ssentongo na wenzao walianika nyaraka za matumizi ya fedha bungeni. Julai 2024 vijana waliojaribu kuandamana kwenda Bungeni walikamatwa kwa makumi.

Kama utanzu, maonyesho ni uvumbuzi mkubwa, na siri yake imo katika jina. Anayeonyesha hadai, anaelekeza kidole. Shimo lililopigwa picha pamoja na jina la barabara halihitaji ufasaha, halihitaji Kiingereza cha shule ya bweni, na ni vigumu kulishtaki. Mwanamke aliyeshindwa kupata zamu kwenye ekimeeza hapa hahitaji zamu. Ushahidi unakusanyika bila mtu mmoja wa kumkamata.

Lakini maonyesho yalipotoka barabarani na kuingia ofisini, mipaka ya utanzu ikaonekana. Shimo halina la kujitetea. Meneja anayetuhumiwa na mfanyakazi asiyetaja jina, katika maonyesho ya mashirika, analo. Na wakati mwingine tuhuma ni ya kweli, na wakati mwingine haijulikani. Aliyetaka kujibu alijibu kwenye ukurasa wake, mbele ya wafuasi wake, na aliyesoma tuhuma si lazima alisoma jibu. Msimamizi wa maonyesho alipokea, akachuja, akachapisha: ni mhariri, si mwenyekiti, na kazi hiyo yote ilimwangukia mtu mmoja au wawili wasiolipwa na waliotishwa. Ni hapo, tunadhani, ndipo penye jibu la swali wanaloliuliza wafadhili kila mara, kwa nini kampeni hizi huwaka wiki tatu kisha zikapoa. Watu hawachoki na hasira. Wanachoka kwa sababu baada ya kuonyesha hakuna hatua inayofuata ndani ya utanzu wenyewe. Ekimeeza ilikuwa na wiki ijayo.

Kilicho karibu zaidi na meza ni vikao vya sauti vya mtandao wa X, ambamo mwenyeji hugawa kipaza sauti. Kenya walivitumia sana wakati wa kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, hata Rais Ruto akaingia katika kimojawapo tarehe 5 Julai, akaulizwa maswali ambayo katika studio asingeulizwa. Wakenya pia waliufasiri mswada huo katika lugha mbalimbali za nchi kabla ya kuubishania, hatua ambayo Kampala haijaifikia: maonyesho ya Bunge yaliendeshwa kwa Kiingereza kwa kiasi kikubwa, na mpiga kura wa Kasese au Arua aliyapata, kama aliyapata, kwa kusimuliwa. Na hata katika vikao vya X, kanuni ni za mwenyeji na za kampuni. Hakuna anayejiandikisha kwa utaratibu uliokubaliwa na wote.

Sheria na viti

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 na marekebisho yake ya 2022 zinaangalia neno na aliyelitamka. Dkt. Stella Nyanzi alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi alilolichapisha mtandaoni, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwachia huru. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 kuhusu mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa kilikuwa hakieleweki mipaka yake. Marekebisho ya 2022 yalikuwa yamekwisha kuleta kosa la kumpelekea mtu habari ambazo hakuziomba. Kwa mhakiki wa mazungumzo kosa hilo ni la ajabu, maana sijui mjadala gani umewahi kufanyika ambao pande zote ziliomba kusikia walichoambiwa.

Kwa wanaoshauri kuhusu sera, tunapendekeza mambo mawili ambayo hayahitaji kusubiri vita vya maneno viishe. Masharti ya leseni za utangazaji yarekebishwe ili kituo kiweze kurusha mjadala kutoka ukumbini, chini ya kanuni za zamu zilizoandikwa na washiriki na kubandikwa mlangoni. Jukumu la kituo liwe kutoa nafasi ya jibu kwa aliyetajwa, katika kikao kinachofuata. Pili, Baraza la Mawaziri lilipopitisha Julai 2022 utekelezaji wa Kiswahili kama lugha rasmi, mkazo uliwekwa shuleni na katika mawasiliano ya Jumuiya. Hansadi za Bunge, bajeti za wilaya na taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Serikali hazikutajwa. Muhtasari wa Kiswahili na wa lugha za wilaya kwa kila taarifa ya ukaguzi ungegharimu kidogo, na ungewapa watu wa Kasese na Arua kitu cha kuweka juu ya meza kabla ya kubishana. Wafasiri wapo: idara za Kiswahili za Makerere na Kyambogo huwahitimisha kila mwaka, na wengi wao bado wanatafuta kazi.