Povu Liliposema Bado

Katika saluni moja ya mtaa wa Iftin, Garissa, kutia nywele dawa ya kunyoosha huanza na jerikani. Mfereji ulikuwa mkavu, kwa hiyo msusi alingoja mkokoteni wa punda ulete jerikani tatu za lita 20, ndipo akashusha pazia la mlango na kumwambia mteja avue mtandio.

"Abaayo, dada, uliosha kwa qasil lini?"

Siku nne zilizopita. Angesema jana, angerudishwa nyumbani. Unga huo wa majani ya mkunazi husafisha vizuri, ila kuusugua huondoa mafuta ya ngozi na huweza kuacha michubuko, na dawa yenye pH ya 12 hadi 14 haina huruma na mchubuko.

Akapaka mafuta ya mgando kwenye masikio na paji. Kisha akafanya jambo ambalo wasusi wengi hulipuuza: akazifunika kwa mafuta mazito nywele zilizonyooshwa zamani, akaacha wazi zile mpya tu. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Huyu alikuwa amekaa wiki kumi tangu dawa ya mwisho, basi kazi yote ilikuwa sentimita mbili na kitu shinani. Unywele umeundwa kwa keratini, na keratini hushikwa na vifungo vya salfa mbili mbili. Dawa hunyofoa salfa moja, kikabaki kifungo ambacho hakirudi kilivyokuwa. Unywele hulala, lakini nguvu zake hupungua. Dawa ikipita tena juu yake, hakuna cha maana kilichobaki kunyooshwa. Kuna cha kukatika. Wengi hulaumu kopo, mimi ningelaumu mkono.

Kopo lenyewe lilikuwa la aina isiyo na kostiki soda, krimu ya kalsiamu iliyochanganywa na guanidini papo hapo. Watu huiita dawa laini. Huwasha kidogo kuliko nyingine, ndiyo, lakini ukali wake bado ni wa alkali na huacha masalia ya kalsiamu yanayokausha nywele.

Alianza kisogoni, akamalizia kwenye paji penye nywele nyepesi. Joto huharakisha dawa, na Garissa joto halikosi, hivyo alisimamisha kazi dakika ya 13, nywele zikiwa bado na wimbi. Hapo alinifurahisha.

Jerikani ya kwanza ikaenda kwa maji matupu. Kisha shampuu ya kuua dawa, ile inayobadili rangi: povu likatoka la waridi. Dawa bado imo. Mara ya pili, waridi hafifu. Wenye kubana maji huishia hapo. Yeye akafungua jerikani ya tatu, povu likatoka jeupe.

Ratiba ya wiki kumi ndiyo ninayoipinga. Utafiti wa Marekani wa 2022, uliofuatilia wanawake 33,947, ulikuta saratani ya mji wa mimba ikijitokeza zaidi kwa waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka. Wiki kumi kumi ni mara tano. Ningemwambia mteja yule arudi baada ya wiki 14.