Sheikh Amri Abedi na Kiti cha Meya
Katika Manispaa ya Sumbawanga, kama katika manispaa nyingine za Tanzania, meya huchaguliwa na madiwani wenzake, akaongoza vikao kwa joho na mkufu, ilhali utendaji wa kila siku umo mikononi mwa mkurugenzi. Kwa hiyo nguvu yake, tofauti na ya meya Richard J. Daley aliyeishika Chicago tangu 1955 hadi 1976, imo zaidi katika ulimi. Ndiyo maana Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji na mtunzi wa Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliufaa mno wadhifa huo alipokuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Baadaye akawa Waziri wa Sheria, akafariki 1964. Uwanja mmojawapo wa michezo wa Arusha una jina lake.