Fani ya Hema: Kusoma Kamba za Barafu

Hema la kuba pichani huonekana limekamilika: fito mbili za alumini zimepishana juu, kitambaa kimewambwa, zipu imefungwa. Kamba nne za pembeni bado zimekunjwa kama zilivyotoka kiwandani. Kwa macho ya mhakiki, hilo ni shairi lisilo na kituo.

Pa kulisomea ni kambi ya Barafu, mlimani Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600 juu, kwenye kigongo cha mawe matupu. Kigingi ukikigonga, kinalia ng'we, kisha kinapinda. Usiku hewa baridi inateremka kutoka Kibo, kilele cha mlima, na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne. Hema lililotulia jioni linageuka tanga.

Wagumu, yaani wapagazi, hawabishani na vigingi. Mmoja anaokota jiwe la ukubwa wa embe, analizungushia kitanzi cha kamba, analilaza mbali na hema. Mbele yake, upande wa hema, analaza jiwe kubwa juu ya kamba. Kamba ikivutwa, dogo linajibana kwenye kubwa, na kadiri upepo unavyovuta ndivyo linavyozidi kushika. Hapo fani imekomaa: kinachotaka kuling'oa hema ndicho kinacholifunga. Kurundika mawe juu ya pindo, kama tufanyavyo wageni, ni kujaza mizani tu. Asubuhi kitambaa kina matundu.

Hema la mesi ni habari nyingine. Refu kama mtu, kuta bapa, ndani meza na viti. Kwa umbo ni kosa tupu huku juu, maana ukuta bapa haupishi upepo, unaukinga. Lakini mgeni amelipia kiti, basi linasimamishwa, na hata kamba zikiwa ndefu kuliko kimo chake, bado nimeliona likilala chini na sufuria ya supu ndani.

Kuba nalo huupa upepo kisogo, mlango ukawa upande wa pili. Nailoni ikilowa hulegea, hivyo kamba hukazwa tena kabla ya kulala.

Ila mstari ninaoupenda umejificha chini ya kitambaa cha nje: kikanda cha urefu wa kidole, kilichoshonwa nyuma ya pale pale kamba inapofungiwa. Kazi yake ni kuushika ufito. Kisipofungwa, kamba inavuta kitambaa peke yake, ufito unayumba kivyake, na mshono ndio unaolipa. Usiku wangu wa kwanza pale niliviacha vikanda vyote vinne bila kuvifunga. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Saa tatu hivi, hema likipiga makofi, mpagazi mmoja aliyekuwa akizungukia mahema aliingiza mkono chini ya kitambaa, akapapasa, akavifunga kimoja kimoja bila tochi.

"Lala, kaka," akasema. "Saa tano nakuamsha tupande kileleni."