Wanaotutunzia Vitabu Mwanza

Sisi vijana tunaopenda fasihi humshukuru mtunzi. Euphrase Kezilahabi wa Namagondo, Ukerewe, alitupa diwani ya Kichomi mwaka 1974. Aniceti Kitereza, wa Ukerewe pia, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Toleo la Kiswahili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, likatoka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Lakini kati ya mtunzi na msomaji asiye na hela ya kitabu yuko mkutubi.

Mkutubi hupokea kitabu, hukigonga mhuri, hukiandikisha na kukibandika namba mgongoni. Kwa mpangilio wa vitabu wa Dewey, fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Diwani ikiwekwa kwenye rafu ya kilimo, imepotea sawa na iliyoibwa. Ndiyo maana mkutubi hupita rafu kwa rafu akirudisha vitabu tulivyovitelekeza mezani. Hufuta vumbi, huwinda mchwa, hugundisha majalada yaliyobanduka, huwakumbusha waliochelewa, hunyamazisha kelele. Shairi likinigusa, nitawaghania wenzangu na kusifiwa kwa sauti; aliyeiokoa nakala ile isichanike hatajwi.

Nakala moja iliyotunzwa vizuri husomwa leo na mwanafunzi wa Nyegezi, kesho na fundi wa Kirumba. Deni letu kwa mkutubi hatulilipi kwa maneno matamu. Ukiazima diwani, usikunje kurasa wala usiandike pembeni, na uirudishe kwa tarehe iliyogongwa. Kuna mwenzako anaisubiri.